Nilikwenda na Asali, Nikarudi na Baba

Ninyi wenzangu wa Ipole mmeniuliza kisimani, mmeniuliza shambani, na juzi mkaniuliza tena baada ya mkutano wa kijiji: "Elia, ulifuata nini Usoke, na huyu mzee uliyerudi naye anayechota maji kama mwanamke ni nani?" Mnanijua, kusema mbele za watu siwezi. Hata shuleni nikiulizwa swali ninalolijua jibu lake nilitazama vidole vya miguu. Kwa hiyo nimeandika. Nimeandika polepole, siku moja mistari mitano, siku nyingine miwili, maana mkono wangu hauna haraka. Habari za ruhusa na tiketi nimeziacha kwa kuwa hazina utamu.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Baba yangu anaitwa Maganga. Aliondoka hapa nikiwa na miaka minane, wiki moja baada ya kumvunja mama mkono, eti chumvi imezidi kwenye mboga. Mkono ule ulipona umepinda. Tangu hapo mama hakuweza kujitwisha ndoo ya maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda juu ya jiwe kubwa la kisimani nikamtwisha, kisha nikamfuata nyuma. Kanisa lilimtenga baba na meza ya Bwana. Mama alikufa kwa homa bila kumwona tena, nami nikabaki na mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyeufunga ule mkono kwa vijiti na vitambaa.

Mwaka huu ikaja barua. Herufi zilikuwa kubwa na zilipanda mlima, kama za mtoto.

"Mwanangu Elia. Nimejifunza kuandika kwenye darasa la watu wazima hapa Usoke. Hii nimeiandika mwenyewe. Nimeomba kurudi kwenye meza ya Bwana. Wazee wanataka mtu wa nyumbani aje aseme kama ana neno juu yangu. Njoo useme. Kama unalo usilifiche. Maganga."

Nilimsomea mama mdogo akiwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Nenda," akasema. "Kawaambie habari ya mkono. Ukimaliza rudi."

Akanipa nusu debe la asali, ile niliyorina mwenyewe kwenye mizinga yangu. "Hii si ya baba yako, unasikia? Wape wazee watakaokusikiliza."

Nikamwandikia baba kwamba ninakuja kwa treni, nikaondoka na maneno yangu tayari. Yalikuwa machache: Ninalo neno, asipokelewe.

Ipole hadi Sikonge, kwa miguu

Njia hii mnaijua, msitu mtupu na mbung'o. Niliibeba asali kichwani. Kila nilipoketi kupumzika nilisimama kabla jasho halijakauka, kama mtu aliyekalia siafu. Nilikuwa nikiyasema yale maneno yangu kwa sauti, nikiitazama miti kana kwamba ndiyo wazee wa kanisa. Ninalo neno. Asipokelewe. Nilipofika Sikonge sauti ilikuwa imekauka.

Watu wakasema lori la Tabora litakuja asubuhi. Asubuhi ikaja, lori halikuja. Wakasema mchana. Mchana dereva alionekana, lakini kwa miguu, akitafuta mtu mwenye mpira wa kuziba tairi. Nikakaa siku mbili. Sikukaa hasa, nilitembea: kutoka stendi hadi hospitali, kutoka hospitali hadi stendi, na debe kichwani, mpaka watoto wakaanza kunifuata.

Mama mmoja, Mama Ndalu, aliyekuwa akiuza matobolwa na karanga kando ya stendi, akaniita. "We kijana, unatuchosha macho. Keti ule."

Nikamsalimu shikamoo, nikaketi. Matobolwa yake yalikuwa matamu, viazi vilivyochemshwa vikakauka vizuri juani, vinatafunika kama nyama. Akanitazama nikila.

"Wewe wa nani?"

"Wa Maganga. Wa Ipole."

Alimvuta mjukuu wake aliyekuwa karibu yangu, akamweka nyuma ya mgongo wake. Alifanya upesi, nadhani hakujua kama amefanya.

"Maganga mpasua mbao," akasema. "Alikaa hapa mwaka na kitu. Alipindua sufuria yangu ya uji palepale ulipokaa, kwa kuwa nilimhudumia mtu mwingine kwanza. Uji wa moto, baba! Tulishukuru Mungu alipohamia Tabora."

Nilifurahi. Nisiwadanganye, nilifurahi sana. Nikaona nimepata neno la pili la kuwapelekea wazee.

"Anataka kurudi kanisani," nikamwambia.

Mama Ndalu akacheka mpaka akashika mbavu. "Maganga? Waangalie vyombo vyao!"

Sikonge hadi Tabora, juu ya magunia

Lori lilipoondoka lilikuwa na magunia ya mahindi, mbuzi wanne, na sisi. Barabara ilitutupa huku na huku. Sikulala siku hizo mbili za Sikonge na wala sikulala juu ya lori. Tabora tulifika asubuhi, nikaambiwa treni ya kwenda upande wa Kigoma imechelewa, hakuna ajuaye itafika lini. Nikaenda sokoni.

Sasa hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo naliandika kwa aibu.

Penye mafundi bati palikuwa na mzee mfupi mwenye kofia nyeupe, akigonga taa za chemli na makarai. Aliponiona na debe aliweka nyundo chini.

"Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mtumwa wangu. Tua mzigo wangu hapo." Akasimama, akaniondolea debe kichwani, akaliweka chini, akalikalia. "Babu zenu walibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani wakiimba. Wewe nusu debe tu unatoka jasho! Ukoo umeharibika."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisema, "Mzee, naomba debe langu."

"Langu! Mimi Mzaramo, wewe Mnyamwezi, chako changu. Nenda kamwambie mama yako mume wake yuko Tabora, anakula asali."

Utani wa makabila niliusikia msibani tu, watani wa watu wengine wakichezacheza na jeneza. Lakini Mzaramo sikuwahi kumwona kwa macho yangu, na usingizi nilikuwa sina, na alikuwa amemtaja mama. Nilimpiga. Nilimpiga mdomoni, kofia ikaruka.

Nyundo zote zikanyamaza. Mama mmoja mwenye baibui akasema, "Astaghafirullahi, kampiga mtani wake!" Alisema kama mtu anayesema kamwaga moto ndani ya nyumba. Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa wa kushoto, na ulikuwa bado umekunjwa.

Yule mzee akatema damu, akapapasa meno yake moja moja. Kisha akaanza kucheka, mdomo umevimba.

"Ni mtoto wa Maganga huyu," akawaambia wenzake. "Ngumi hii naijua. Inatokea kushoto, huioni mpaka imefika."

Nilitaka kukimbia nikashindwa. Aliniketisha juu ya karai lililopinduliwa, akaagiza maji, akanawa, akanipa kikombe cha kahawa. Jina lake Mzee Sefu. Baba, aliniambia, alipotoka Sikonge alipata kazi ya kubeba mbao kwa seremala wa jirani, na wiki ya kwanza alimpiga Mzee Sefu mahali palepale, kwa utani uleule wa mzigo.

"Ukamfanya nini?"

"Nimfanye nini? Kesho yake nikamtukana zaidi. Kesho kutwa zaidi. Alinipiga mara tatu mwaka ule. Mara ya nne aliinua mkono akaushusha. Nikamwambia, Maganga, mkono huo ukikuwasha, ukalie. Akaukalia kweli! Fundi mzima, amekalia mkono wake kama kuku juu ya yai."

"Kwa nini hukumshitaki?"

Mzee Sefu aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini watu hula. "Mtani wangu! Halafu akaugua. Homa, hajui mchana wala usiku. Seremala alimwacha chumbani. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima natangaza: Tazameni, leo mzigo umegeuka, Mzaramo amebeba Mnyamwezi! Alipopata fahamu akaniuliza, Sefu, mimi nimekupiga, kwa nini unanibeba? Nikamwambia, ukifa nitamtukana nani? Akalia. Sikujua kuwa anaweza."

Baada ya hapo, alisema, baba alianza kwenda kusali kanisani kwao. Alikaa nje ya mlango, kwa kuwa ametengwa. Alikuwa akirudi na kumwambia Mzee Sefu, ambaye ni Mwislamu, mambo aliyoyasikia huko: kwamba Yesu alipopigwa hakurudisha, na kwamba yeye Maganga anataka kujifunza hilo, ila mwili haukubali.

"Kwa hiyo akapona hasira," nikasema. Nilisema kwa kejeli.

"Apone wapi! Mwaka uliofuata alivunja taa hii na hii na ile. Akazinyoosha mwenyewe, wiki nzima. Kijana, bati likipinda hulinyooshi kwa pigo moja. Unagonga, unageuza, unatazama kwenye mwanga, unagonga tena. Na ukigonga kwa chuki linatoboka."

Alinirudishia debe. Alikuwa amechota kikombe kimoja. "Hii ni faini ya kuanzia," akasema. "Nyingine utaleta ukirudi. Na mdomo wangu huu nitakuonyesha."

Tabora hadi Usoke, kwa treni

Treni ilifika siku ya tatu. Behewa la daraja la tatu lilijaa mpaka mlangoni. Tulitoka Tabora, tukaenda kidogo, tukasimama porini bila kituo. Watu wakashuka, wakawasha moto, wakachemsha chai, na mtu mmoja wa Kigoma akaanza kunihubiria kuhusu ubora wa mawese hata kabla hajaniuliza jina. Nilimwambia ndiyo, ndiyo. Mawazo yangu yalikuwa kwenye mkono. Vifundo viwili vya vidole vilikuwa vimevimba.

Miaka yote nilijiona mtu mpole kwa kuwa sisemi. Kanisani husema Elia ni mpole. Lakini mtu aliyenyamaza na mtu mpole hawafanani, na mimi nililijua hilo nikiwa nimekaa kwenye reli, naogopa vidole vyangu mwenyewe. Nilifikiria kuiacha treni na kurudi Tabora kwa miguu kwa kuifuata reli. Nilitembea hatua kadhaa hivi. Filimbi ikalia, yule mtu wa Kigoma akanivuta kwenye shati: "Huko siko, ndugu, unarudi ulikotoka!" Alidhani nimepotea. Nikapanda.

Usoke

Nilishuka na asali yangu, na baba alikuwa palepale kituoni. Sikumtambua. Nilitafuta mtu mkubwa, na huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye kaptura iliyotiwa viraka. Yeye alinitambua.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu Kinyamwezi. Hakunikumbatia. Alichukua debe.

Kabla hatujafika kwake, mtu mmoja alitujia mbio akipiga kelele. Huyo ndiye msimamizi wa mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku ya kijiji. "Maganga! Siku tatu unakwenda kukaa stesheni, moto wa bani nani auangalie? Majani yameiva nusu! Wewe ni mnyonyaji, unakula jasho la wenzio!"

Siku tatu. Nilipokuwa nikizungukazunguka Tabora nikisubiri treni, yeye alikuwa akija kuisubiri upande huu.

Nilimtazama baba. Shingo ilivimba. Uso ukawa uleule, ule niliokuwa nikiuota. Nikarudi nyuma hatua mbili. Baba aliweka debe chini, akaketi juu ya gogo la kuni, na mkono wa kushoto akauweka chini ya paja lake. Akaukalia. Yule mtu alimaliza yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi.

"Nimesikia, ndugu," baba akasema. "Leo na kesho nitachochea mimi, zamu yangu na ya mwenzangu."

Mtu yule alipoondoka baba hakusimama upesi. "Mkono umekufa ganzi," akaniambia, kama anayeomba radhi. Ndipo akaona wangu. "Huo nao? Umempiga nani?"

Nikatazama vidole vya miguu. "Mzee Sefu."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kumtoka bila kicheko. Tulikwenda banini. Akachemsha maji kwenye moto ule wa tumbaku, akatia chumvi, akauchukua mkono wangu akautumbukiza, akawa anaukanda kidole kwa kidole. Tulikula ugali na mlenda. Sikutaka anikande, na sikuuondoa mkono.

"Hasira ipo," akasema. "Usije ukafikiri imekwisha. Kila asubuhi naikuta imeamka kabla yangu. Namwomba Bwana, nashika jembe. Siku nyingine inanishinda. Mwezi uliopita nilimsukuma mtoto wa watu kisimani, nikaenda kwao kuomba msamaha, na babake akanifukuza. Nikaenda tena."

Kesho yake mchana, siku ya Jumamosi, tuliingia kanisani, jengo la tofali za udongo. Wazee wanne. Mkubwa wao, Mzee Yeremia, alipokea asali, akashukuru, akaniuliza, "Elia, mwana wa Maganga, una neno juu ya baba yako?"

Nilitazama sakafu. "Ninalo."

Nikasema. Nilisema habari ya mkono, ya jiwe la kisimani, ya ndoo, na kwamba mama alikufa mkono umepinda. Nilisema pia habari ya sufuria ya Mama Ndalu. Ilichukua muda kwa kuwa nilisimamasimama katikati. Hakuna aliyenikatiza.

Mzee Yeremia akamgeukia baba. "Una la kusema?"

"Ni kweli yote," baba akasema. "Ila moja limekosewa. Chumvi haikuzidi. Mboga ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeudhiwa na watu mnadani, nikaja na hasira ile nyumbani. Mke wangu Kalunde alipika vizuri siku ile. Naomba mwanangu ajue."

Miaka kumi na mmoja nilijua chumvi ilizidi. Hata mama alikuwa akisema hivyo, akijilaumu.

"Elia," Mzee Yeremia akasema, "tumkatae?"

Yale maneno niliyoyabeba kutoka Ipole niliyatafuta. Yalikuwepo. Asipokelewe, neno moja tu. Lakini niliona mkono wangu uliovimba, ukinuka chumvi bado, na nikaona wa baba, chini ya paja lake.

"Mimi sikuvunjwa mkono," nikasema. "Aliyevunjwa amekufa. Aliyeufunga yuko Ipole. Huyo ndiye wa kuulizwa."

"Hiyo ni kusema apokelewe au asipokelewe?"

"Sijui, mzee."

Wazee wakanong'onezana. Mmoja akasema kijana hakukataa, na kesho ndiyo meza ya Bwana, kwa nini kumchelewesha mtu? Baba akasimama.

"Wazee wangu, meza imenisubiri miaka kumi na mmoja. Isubiri kidogo. Kwanza nitakwenda Ipole."

Mzee Yeremia akamuuliza kama anajua kwamba huenda asisamehewe. Baba akasema anajua.

Kurudi

Jumatatu, zamu zake za bani zikiwa zimekwisha, tulipanda treni. Tabora tulipita kwa Mzee Sefu. Mdomo ulikuwa umepona. Nilimpa kuku kutoka Usoke, ndiyo faini yangu, nikamwambia, tena kwa sauti ambayo wote walisikia, "Pokea, mzee. Ninyi Wazaramo mlikaa pwani mkisubiri tuwaletee, na mpaka leo mnasubiri."

Alimtupa kuku hewani, akanikumbatia. "Anasema!" akapiga kelele. "Maganga, mwanao anasema!"

Sikonge tulimkuta Mama Ndalu stendi. Baba alimsalimu, akamwambia, "Nilimwaga uji wako." Akaketi, akamsagia karanga mpaka lori lilipokuja. Safari hii Mama Ndalu hakumvuta mjukuu; alibaki akicheza mbele.

Ipole tuliingia mchana. Mama mdogo alikuwa uani anapukuchua mahindi. Baba alisimama mbali, akasema yote, na habari ya chumvi aliisema mara mbili. Mama mdogo hakuinua macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Baba analala kwa balozi wa nyumba kumi. Asubuhi ya kwanza alikwenda kisimani, akachota kwa ndoo ya balozi, akaiweka mlangoni kwa mama mdogo. Mama mdogo alitoka akayamwaga maji yote kwenye migomba, mbele yake. Nilimwona baba akiketi juu ya mkono wake. Kisha akarudi kisimani na ndoo ileile. Wiki mbili alimwaga. Wiki ya tatu akawapa mbuzi. Baadaye akafulia. Ninyi mlikuwa mkicheka, nami nilikuwa nawasikia. Sasa mnajua. Na mlivyouliza tumwiteje, yeye amesema mumwite Maganga, jina lake halijabadilika.

Mama mdogo hajasema amesamehe. Sijui kama atasema. Usiku silali vizuri bado, nawaza wazee wa Usoke wanaosubiri jibu. Lakini leo asubuhi, kabla sijakaa kumalizia haya, nilipita mlangoni kwa mama mdogo. Ndoo yake mwenyewe, ile aliyoachiwa na mama, ilikuwa nje ya mlango, imesuguliwa kwa majivu, imefunikwa kichwa chini isiingie vumbi. Baba alikuwa amesimama mbele yake. Aliitazama muda mrefu. Kisha akainama, akaiokota kwa mkono wa kushoto.